Karani Aliyetaka Kujua Nilivyoanguka

Jirani alinipigia simu wiki jana kabla sijamaliza chai. "Yule mzee wa rekodi pale hospitali alianguka jana. Ametuacha." Badala ya kusema pole, nikauliza, "Aliteleza ama alizimia?" Jirani alikasirika, akakata simu. Simlaumu. Ila marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha swali hilo, wasomaji wangu, na sidhani angenisamehe kama ningelimeza.

Tulifahamiana mwishoni mwa miaka ya tisini hapa mjini Machakos. Wakwe walikuwa wanakuja, nami nilikuwa nimeisugua sakafu kwa nta nyekundu hadi ikang'aa, kisha nikaikanyaga na soksi. Daktari alinifunga plasta mkononi, akaandika "ameanguka", akanituma dirisha la rekodi. Pale aliketi mzee mwenye kofia nyeupe na kitabu kinene cha namba za magonjwa. Jeraha lilikuwa na namba yake, na namba ya pili ilieleza lilivyotokea. Akaniuliza nilivyoanguka. Nikamjibu kwamba kuanguka ni kuanguka. "Hapana, mwanangu. Hata wahenga walitenganisha: kujikwaa si kuanguka. Uliteleza, ulijikwaa, ama ulizimia?" Nikakiri kwamba niliteleza. "Kwenye nini?" Nta. "Na aliyeipaka ni nani?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mkono ulikuwa unaniuma, nami nikamchukia kabisa.

Siku ya kutolewa plasta nilimpa maneno yangu. Hakunijibu kwa hasira. Alinisogezea kiti, akanisimulia habari ya mpishi wa shule moja ya bweni upande wa Katangi. Miaka kadhaa nyuma, mama huyo alifika dirishani akiushikilia mkono, akasema, "Niko na shida ya kuanguka." Kwetu Ukambani maneno hayo yana maana kwamba ameanguka, basi. Lakini karani mwenyewe, mzee huyu, alilelewa katika nyumba ya watu waliotoka pwani, na kwao mwenye shida ya kuanguka ni mgonjwa wa kifafa. Hakuuliza zaidi. Akaandika namba ya kifafa kwenye fomu ya kupeleka kazini, akaigonga muhuri.

Baada ya wiki moja mama alirudi na fomu ile. "Mzee, hii kifafa umenipatia ni ya nani? Mimi nilianguka sababu sakafu ya jikoni ilikuwa na maji. Sasa wamenifuta kazi, wanasema mtu wa kifafa hawezi kaa karibu na moto." Alikuwa mjane, na jiko lile ndilo lililowalisha watoto wake. Karani aliisoma fomu upya, akaliona kosa lake. Angeweza kufuta na kuandika upya, akamwachia mama mzigo wa kueleza. Badala yake aliomba ruhusa, akafunga safari kwenda Katangi na daftari la daktari aliyemtibu mama, akasimama mbele ya mwalimu mkuu. "Kosa ni langu, si lake. Aliteleza kwenye sakafu yenu." Mama alirudishwa jikoni siku iyo hiyo, na maji yale yakachimbiwa mfereji. Tangu hapo, kila mavuno, gunia dogo la ndengu, choroko za kwetu, lilifika dirishani, na mzee alinionyesha kwa furaha ya mtoto.

Siku hizi kompyuta zinaingia maofisini, na nafurahi, maana maandishi ya baadhi ya makarani ni kama kuku amepita. Lakini kompyuta hupokea namba yoyote tunayoipa. Haitauliza sakafu ilikuwa na nini. Nasi tunaoandika magazetini tuna ugonjwa uo huo: tunasikia neno moja, tunadhani tumesikia habari nzima.

Nilikwenda mazishini. Mpishi wa Katangi, sasa bibi wa wajukuu, alikuwa amefika na ndengu zake. Nilimpa pole binti wa marehemu, kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini baba aliangukaje. Alitabasamu na machozi machoni. "Hata wewe? Baba hakuanguka. Alimaliza kuswali, akaketi kwenye kiti chake, akasinzia. Watu wanasema tu."

Basi niandike sawasawa, kama alivyotaka: hakuteleza, hakujikwaa, hakuzimia. Na wewe, kabla hujaandika neno juu ya mwenzako, muulize swali moja zaidi.