Mstari Uliokataa Kule Mhunze

Siku yangu ya kwanza kufundisha kompyuta, katika chuo cha ufundi cha parokia moja huko Geita, Mkuu wa Chuo alinikuta nimekalia kiti cha mwanafunzi, namwandikia programu yake.

"Mwalimu," akasema, "na cheti tuandike jina lako?"

Darasa zima likacheka. Tangu hapo nilifundisha kwa mdomo.

Katika lugha ya Python, maagizo yaliyo chini ya sharti husogezwa ndani, kwa kawaida nafasi nne, na yote yalingane. Yasipolingana, programu haiendi. Vijana waliotoka Nyarugusu, waliozoea pilikapilika za machimbo ya dhahabu, walipata shida sana na jambo hilo la utulivu. Niliwapenda hivyo hivyo.

Baadaye nilihamishiwa Mhunze, Kishapu, chini ya Mratibu wa Mafunzo, mama asiyetabasamu ovyo. Siku ya zoezi la mwisho alitangaza kuwa ambaye programu yake haitafanya kazi kufikia saa sita atarudia mwaka. Kulwa, binti wa wakulima wa pamba, aliinamisha kichwa. Baba yake alikwishamwambia hakuna mwaka mwingine, angerudi shambani.

Programu yake ilikuwa ya kupokea pamba kwenye mizani: ikiwa chafu, irudishwe. Kwenye skrini mistari ilikuwa imenyooka, lakini kompyuta ikakataa.

"Mwalimu, mbona iko sawa?"

"Kwa macho, ndiyo. Tembeza alama ya kuandikia kwa kitufe cha mshale."

"Jamani, Mwalimu, muda unaisha!"

"Tembeza, mama."

Akabonyeza. Mstari wa kwanza, hatua nne. Wa pili, nne. Wa tatu, alama ikaruka mara moja tu.

"Eeh! Hapa nilibonyeza Tab!"

Kitufe cha Tab huacha pengo linalofanana na nafasi nne, ila kompyuta huliona kitu kingine. Akafuta, akaweka nafasi, akaendesha.

"Imerudisha! Pamba chafu imerudishwa!"

"Kulwa," Mratibu akasema, "watakusikia mpaka Shinyanga mjini. Kaa chini." Lakini alikuwa anacheka.

Sasa nimestaafu. Kila asubuhi, baada ya sala, namshukuru Mungu kwa kazi aliyonipa, kisha nyumba inakuwa kimya mno.

Majuzi Kulwa alinipigia kunisalimia. Siku hizi naye anafundisha. Tukiwa tunaongea, nikasikia sauti ya kijana ikiita, "Mwalimu!"

"Naam," nikaitika.

"Samahani, Mwalimu," Kulwa akasema taratibu. "Wananiita mimi."

Nikamwambia awahi, wasimngoje.