Wening na king'ora kisichosikia

Saa tatu asubuhi, Wening Palupi amekaa sakafuni katika ofisi ya mtaa wa Tambakwaru, pwani ya kaskazini ya Java. Suruali ameikunja hadi magotini, maana sakafu bado ina maji ya jana. Laptopu iko mapajani, na waya wake umeingia kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani.

"Haya dada, usije ukaniunguzia hicho kitu," anasema Mzee Karyadi, karani wa ofisi, akipuliza kahawa. "Kikiungua wataniambia nilikuwa nimelala."

"Kwani hukuwa umelala?"

"Nilifumba macho tu. Mzee akifumba macho mnasema kalala, akifumba zaidi kidogo mnaleta sanda."

"Sigusi kitu, mzee wangu. Nauliza tu."

Anaandika amri moja fupi kwenye dirisha jeusi la skrini. Anaiuliza maktaba iliyomo kisandukuni: wewe ulijengwaje, na unaweza nini? Kwa mafundi wa programu, maktaba ni fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kuanza upya. Anayeijenga ndiye huamua itiwe nini na iachwe nini. Wewe uliyeikuta imeshawekwa, ukitaka kujua, kuna kizana kidogo cha kuuliza, nacho hakimwonei mtu haya.

Jibu linatokea, mistari michache tu. Wening anapitisha kidole kwenye skrini, neno kwa neno. Analolitafuta ni la uwezo wa kufungua ujumbe uliofungwa kwa siri. Halimo.

"Bado!" anasema. "Mwaka mzima, Mzee Karyadi, bado!"

Karani anaitazama kahawa yake.

Kisanduku hiki ndicho kinachotakiwa kusikiliza vipimamaji vya baharini na kuwasha king'ora maji yakipanda. Vipimamaji hutuma habari zikiwa zimefungwa kwa siri, wahuni wasije wakakidanganya king'ora kwa mzaha. Maktaba isiyojua kuzifungua haisikii kitu. Basi kisanduku kinakaa kimya, na watu wanadhani bahari imetulia.

Wening ana miaka thelathini na minane. Alikuwa mjenzi katika kampuni moja ya programu mjini. Kazi yake ilikuwa kuiunganisha programu na maktaba zake mpaka ikubali kusimama. Kabla ya king'ora kuzinduliwa aliomba aje mtaani akiulize kisanduku chenyewe. Mkuu wake, Bwana Gunadi, alimkatalia mbele ya wenzake.

"Alicheka," anasema Wening. "Akaniambia, 'Wewe Wening nawe! Mashine hizi ni pacha. Uliza ya hapa ofisini, inatosha.' Nikauliza ya ofisini. Ikajibu vizuri kabisa, kila kitu kimo."

Pacha wapi! Waliokuja kufunga visanduku walikuwa wametia maktaba nyepesi, iliyopunguzwa ili ienee kwenye mashine ndogo. Kilichopunguzwa ndicho kilichohitajika.

Mimi, mkazi wa mtaa huu, nilimuuliza kwa nini hakubisha. Alicheka, cheko kavu.

"Wewe si umezeeka hapa hapa? Umeshamsikia nani akimwambia mkubwa 'hapana' mbele za watu? Unasema ndiyo, halafu unakwenda kulia chooni. Mimi nilisema ndiyo, Bwana. Na hata kulia sikulia."

Siku ya uzinduzi nilikuwepo, na wali wa manjano nilikula. Ulipangwa kama mlima, kama ada yetu ya uzinduzi, mkubwa mmoja akakata kilele, kisha akabonyeza kitufe. King'ora kikalia mpaka kuku wakaruka ukuta. Tukapiga makofi. Kumbe kitufe kile kiliungwa moja kwa moja na king'ora, hakikupitia kwenye programu hata kidogo. Watu wazima na ndevu zetu, tulishangilia kitufe!

Maji yalikuja mwaka jana, mchana, jua likiwaka. Tuta la kuzuia bahari lilikatika upande wa mashariki. Vipimamaji vilikuwa vimeshatuma habari kitambo, mara nyingi, na kisanduku hakikuelewa hata moja. Bibi Sumiyem, muuza tempe ya soya, alikuwa amejinyoosha kitandani baada ya kutoka sokoni. Miguu yake ilikuwa mizito, na mlango wake ulifungukia nje. Maji yaliubana. Mwanawe, Teguh, alimkuta jioni alipotoka bandarini.

Kampuni ikasema maji yalikuja ghafla na mtambo ni mzima. Wening akasimama kwenye mkutano wa mtaa, akasema: king'ora hakikusikia, nilikijenga mimi, niliuliza mashine isiyo yake.

Wiki hiyo hiyo akafukuzwa kazi. Na mtaa nao haukumshukuru. Akipita kwenda dukani, kinamama wanaambiana kwa sauti, makusudi, "Jamani ficheni bibi zenu, fundi anapita." Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Basi huyu kabaki na Mungu peke yake. Bwana Gunadi kapandishwa cheo. Wening anatengeneza simu za watu kibarazani, wale wachache wanaokubali kumpa.

Leo anachotaka ni ruhusa tu ya kuiondoa maktaba hii na kujenga nyingine yenye uwezo uliokosekana. Kazi yenyewe haifiki adhuhuri. Mzee Karyadi anatoka nje kumpigia simu mkubwa wake. Anarudi akijikuna shingo.

"Anasema subiri. Kisanduku bado ni cha kampuni. Ukikigusa, ni kesi."

"Na bamvua la wiki ijayo, mzee, bahari ikijaa kupita kiasi? Nalo tuliambie lisubiri?"

"Mwanangu, mimi karani tu."

"Na mimi nilikuwa fundi tu," anasema Wening, akichomoa waya.

Inauma kumwona anavyokunja ule waya, polepole, kwa adabu, utadhani ni yeye aliyewakosea. Mimi ningeutupa.

Jumatatu atarudi kuomba tena, na akinyimwa atarudi Jumanne. Kwa siku za bamvua ana mpango mwingine, na mpango huo ameubeba begani alasiri hii: kentongan, kigogo kilichochimbwa mvungu, cha kugongwa kwa kijiti, kama walichokuwa nacho walinzi wa zamani. Atakaa mwenyewe juu ya tuta. Maji yakipanda, atakuja mbio kugonga.

Anakipeleka kwenye nguzo iliyo mwanzo wa kichochoro cha akina Bibi Sumiyem. Teguh yuko mlangoni. Hajamsemesha tangu mazishi ya mama yake.

"Unatundika hapo?" anauliza.

"Ndiyo, kaka. Watu wengi watasikia."

"Na huku ndani je? Umejuaje kama kinasikika?"

Teguh anaingia ndani, anaufunga mlango. Kitanda cha mama yake kinalia anapojilaza.

"Gonga!"

Wening anagonga.

"Sijasikia. Sogea."

Anakibeba kigogo hadi penye bomba la maji, anagonga. Majirani wanachungulia madirishani.

"Kwa mbali. Mama sikio lake moja lilikuwa bovu. Sogea!"

Anasogea tena, mpaka kwenye ukuta wa jiko la jirani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Anagonga kwa nguvu zake zote.

"Hapo," anasema Teguh. "Hapo angesikia."

Wening anakaa chini kwenye tope, analia. Mlango unabaki umefungwa. Baada ya muda anajifuta uso kwa kiwiko, anaomba nyundo kwa jirani akitundike kigogo hapo hapo, na jirani anampa.