Ushuhuda Nilioombwa Kutoa

Mama alianguka kwenye banda la ng'ombe asubuhi moja ya masika. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia ndoo ya maziwa ikigonga sakafu, kisha nikamsikia akinigombeza kwa Kichaga kabla hata hajaomba msaada: si alinituma nikwangue samadi jana, kwa nini sikukwangua? Ilikuwa kweli. Mgongo ulikuwa umenikamata siku mbili, nikasema nitafanya kesho.

Nyonga ilikuwa imevunjika, ingawa wakati ule hatukujua. Tulijua tu kwamba mguu mmoja umegeukia upande usio wake na kwamba hawezi kuguswa. Kutoka kwetu Machame kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, hadi barabarani ni mteremko wa utelezi katikati ya migomba, na kijana wa bodaboda niliyempigia alicheka tu. Nikampigia mtu mmoja niliyejua hataniuliza maswali, mwanamume aliyenipigia ngoma miaka kumi na moja.

Alifika na mabuti ya mvua, suruali imelowa hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu kutoka sakafuni, kama vile amemkaribisha sebuleni.

Aling'oa mlango wa stoo kwenye bawaba zake, tukamlaza mama juu yake, tukamfunga kwa kanga mbili. Yeye akashika mbele, mimi nyuma. Ujanani alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watalii mlimani hadi magoti yakamkataa, kwa hiyo alijua mguu uwekwe wapi kwenye tope. Kabla ya kuinua alihesabu, "Moja, mbili, tatu, nne," kwa sauti ileile na kwa mwendo uleule aliokuwa akituanzishia nao nyimbo. Sidhani kama alijisikia. Tukashuka hivyo, mama akituambia tunamtikisa, hadi kwenye pikapu yake iliyokuwa barabarani. Akatupeleka hospitali mjini, akakaa nami kwenye benchi siku tatu.

Lazima niseme tulikuwa nani. Tulikuwa watatu. Yeye alipiga ngoma, fundi umeme mmoja kutoka Kilema alipiga gitaa, na mimi nilipiga besi na kuimba. Nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni pale Moshi, na mgeni mmoja alipoondoka aliacha kanda za muziki wa panki chumbani. Nikamfuata hadi getini kumrudishia, akasema nibaki nazo. Nilizisikiliza nikipiga pasi. Maneno sikuyaelewa yote, lakini hasira niliielewa. Walikuwa watu wasiojua kupiga vizuri ambao hawakusubiri wajue. Mimi nililelewa katika kwaya ya Kilutheri, ambako ukikosea noti moja mwalimu anasimamisha watu arobaini na kukutazama. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukosea na akaendelea.

Tulipowaambia watu kwamba tunapiga panki, walidhani tumefungua saluni. Panki kwao ni mtindo wa kunyoa. Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la kahawa lililokuwa tupu, la baba mdogo wa yule fundi umeme. Nyimbo zilikuwa fupi, dakika mbili, na zilihusu mambo tuliyoyaona. Mmoja ulihusu wanawake wanaoshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kupanda nayo kichwani huku wanaume wamekaa kilabuni na mbege yao, pombe ya ndizi. Mwingine ulihusu kahawa ya marehemu baba. Mama alikuja kutusikiliza mara moja tu, akakaa na pochi yake mapajani hadi mwisho.

"Unalia kama ng'ombe aliyecheleweshewa majani," akaniambia.

"Ndiyo maana yake, mama."

"Basi mpe majani anyamaze."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na niliamini kabisa kwamba ukipiga kelele ya kutosha, kuna mtu mahali fulani atageuka. Kahawa iling'olewa hata hivyo, kihamba kwa kihamba, ikapandwa nyanya na maparachichi. Fundi umeme alipata kazi Dodoma, akaoa huko, na siku hizi hunitumia picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema. Mpiga ngoma wangu aliokoka. Nilibaki mimi na gitaa la besi lenye nyuzi tatu, kwa sababu wa nne ulikatika na duka lililokuwa likiuza nyuzi limekuwa duka la simu.

Alipookoka aliacha kuniita "mwanangu", kama tulivyoitana kwenye bendi, akaanza kuniita "dada". Alianza kusali na watu wachache sebuleni kwake, kisha wakajenga kanisa la mabati chini kuelekea mjini, akawa mchungaji. Kila mwaka alinialika nikatoe ushuhuda, na kila mwaka nilimtania hadi akaacha. Mwaka huu alisubiri hadi mama ametoka hospitali na ameanza kusogea kwa fremu ya chuma. Akaja na mkungu wa ndizi, akamsalimia mama, akanifuata uani nilikokuwa nakatakata majani.

"Dada, nina ombi moja. Sijawahi kukulazimisha."

"Umenilazimisha kila mwaka."

Akacheka. "Jumapili moja tu. Uje useme tulivyokuwa, na Mungu alivyotutoa."

"Mimi hajanitoa. Bado napiga."

"Unampigia nani?"

Kwa miezi mingi wasikilizaji wangu walikuwa ng'ombe wawili na ndama.

"Nitakuja," nikasema. Utamkatalia vipi mtu aliyeng'oa mlango wako ili ambebe mama yako? Na kusema kweli nilikuwa nimechoka. Kukataa nako kunataka nguvu, na nguvu zangu zote zilikuwa zinaishia kwenye kumgeuza mama kitandani na kupanda na majani kichwani.

Mama hakufurahi. Yeye ni Mlutheri wa zamani, anawaona walokole kama watu wanaomsumbua Mungu kwa kelele. "Unakwenda kutubu nini kwa watu ambao hukuwakosea?" akauliza. Lakini aliniambia nipige pasi gauni.

Kanisani kulikuwa na watu kama sitini, viti vya plastiki, na spika mbili kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Alihubiri kabla yangu. Ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa anahubiri kwa mwendo wetu. Maneno manne, pumzi, maneno manne, pumzi, kisha anapandisha sauti na kuikata ghafla, watu wanabaki wananing'inia. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu pale pale ambapo zamani angekanyaga ngoma kubwa. Nilitazama ule mguu nikasahau kusikiliza mahubiri.

Kisha akanipa maikrofoni. "Dada yetu anatoka mbali," akasema. "Tumsikilize."

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema.

"Amina!"

Nilikuwa nimepanga kusema uongo mdogo, mfupi, nikae. Nikawaeleza tulikuwa watatu, tulifanyia mazoezi kwenye ghala, tuliimba kuhusu majani. Nilipofika kwenye majani, wanawake wa mstari wa mbele walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja, mkubwa kuliko mama, akasema kwa sauti, "Wee, majani yametuua shingo!" Watu wakacheka. Nikamwangalia mchungaji wangu, naye alikuwa anacheka na wenzake, uso wake wote, kama zamani. Kisha akakumbuka, akaniashiria kwa mkono niendelee. Niendelee kwenye giza, kwenye shetani, kwenye kutolewa.

Sikuweza. Si kwamba nilipata ujasiri. Maneno tu hayakuja. Nilisimama pale na maikrofoni mkononi, nikasikia spika zikivuma, na nikafikiria kwamba miaka ile ndiyo pekee maishani ambayo sikuwa na uchovu. Niiite giza?

"Mchungaji wenu alimbeba mama yangu," nikasema mwishoni. "Nimekuja kumshukuru." Nikamrudishia maikrofoni.

Aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akawageukia watu. "Mmemsikia," akasema. "Amelemewa na machozi. Anasema amewekwa huru!"

"Amina!" wakaitika watu wote sitini.

Nami nikakaa, nikamwacha aseme. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kitu kingine. Mimi niliyekuwa nikipigia kelele kila kitu, siku niliyowekewa maneno mdomoni niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

Nyumbani mama akauliza, "Umesema nini?"

"Sikusema. Amesema yeye."

"Na wewe?"

"Nikanyamaza."

"Mimi nilikusomesha kwaya ujue kufungua mdomo," akasema, akageukia ukutani.

Wiki ya tatu mchungaji alikuja, bila ndizi safari hii. Nilikuwa nakwangua samadi. Akachukua jembe la pili bila kuombwa, tukafanya kazi mpaka banda likawa safi.

"Nilikusemea uongo," akasema.

"Nilikuachia."

"Walikuwa wananitazama, dada. Ningesemaje? Kwamba rafiki yangu hajatubu na mimi sijui kama anatakiwa?"

"Hujui?"

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mvi zimemjaa kwenye ndevu. "Najua nimeokoka. Nilikuwa mlevi, unakumbuka, ulikuwa unanitoa mtaroni. Hiyo ni kweli na sitaikana. Lakini ule muziki haukuninywesha pombe. Nawaambia watu ulininywesha, kwa sababu ni hadithi rahisi." Akakwangua samadi kwenye buti lake. "Nimechoka kupiga kelele kila Jumapili, mwanangu."

Aliniita hivyo. Hakugundua, nami sikumwambia.

Hakuniomba tena ushuhuda, na hakwenda kuwasahihisha waumini wake. Sikumtaka aende. Sisi wawili tunajua, na katika umri huu naona inatosha, ingawa zamani ningemwandikia wimbo wa matusi. Bado nasali kwa Walutheri, nakaa nyuma, naimba sauti ya pili. Namwamini Mungu. Sijui tu kama anajali sana ni nani aliyepiga kelele na nani aliyenyamaza. Nadhani anatazama nani alikuja wakati wa tope.

Mwezi uliopita baa moja ya Moshi iliniomba nikapige Jumamosi mchana. Niliazima uzi wa nne, nikapiga nimekaa kwenye stuli kwa sababu ya mgongo. Walikuwepo watu kumi na mmoja, wanne kati yao wakitazama mpira kwenye televisheni. Wimbo wa tatu ulipoanza, umeme ukakatika. Nikakaa na besi mapajani, kimya, nikingoja nijisikie vibaya. Nilichojisikia ni nafuu. Mwenye baa akaniletea bakuli la mtori, supu ya ndizi na nyama, akaomba radhi kwa niaba ya umeme. Nikala taratibu, moto moto, na umeme uliporudi nilikuwa bado sijamaliza. Nikawaomba wasubiri.