Wiki ya Kufunga Mlango

Katika shirika letu, jumuiya ndogo ya kusali ya mtaa wa Mangobo, kusoma Biblia tu hakukutosha. Kusoma, alisema kiongozi wetu, hata kasuku angeweza akilelewa na masista. Kila Alhamisi alasiri tulikutana barazani kwake, Wakatoliki kumi na wawili wa avenyu moja, idadi ya mitume, na kama mitume wenyewe tuligombania ukubwa. Tulisoma Injili ya Jumapili inayokuja, tukanyamaza kidogo, kila mmoja akataja maneno yaliyomgusa. Kisha kiongozi alichagua neno moja la kutenda wiki nzima, na Alhamisi iliyofuata kila mtu alisimama kutoa ripoti. Katibu wetu, mwalimu ambaye serikali ilikuwa imesahau kwamba bado yu hai, aliandika daftarini: huyu ametenda, huyu hajatenda. Asiyetenda hakupewa adhabu yoyote. Alitazamwa tu, lakini nakuambia, afadhali fimbo.

Ilikuwa miaka ya vita. Mto ulikuwa umefungwa, petroli haikuonekana, Kisangani nzima ilitembea kwa miguu au ilipakiwa nyuma ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Majeshi mawili ya kigeni yalikaa mjini mwetu, na kila moja lilituambia limekuja kutukomboa. Tulikuwa na wakombozi wengi kuliko chumvi.

Sasa, mtu anayelazimika kutenda jema kabla ya Alhamisi si mtu mwema. Ni mwindaji. Wiki ya kusamehe, mwimbishaji wa kwaya alinijia asubuhi nikikaanga mikate yangu ya kuuza, akanishika mkono wote una unga, akaniambia amenisamehe. Nikamwuliza nimemkosea nini. Akasema hayo yamekwisha, akaondoka na mkate mmoja. Nilikaa na hasira mwezi mzima. Wiki ya shavu la pili, mama mmoja alikwenda kumchokoza wifi yake mpaka akazabwa kibao, akageuza shavu, akazabwa cha pili kikali zaidi, maana wifi alidhani anadharauliwa. Alikuja kwenye ripoti uso umevimba, nasi tukamshangilia. Wiki ya kufunga, mimi nilitangaza kwamba nimefunga siku tatu. Kweli nilifunga. Sikusema kwamba nyumbani hakukuwa na unga.

Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi mzee mmoja peke yake. Nyumba zetu mbili zilikuwa chini ya bati moja, na kati yetu ulikuwapo ukuta wa matofali ya udongo tu, akikohoa yeye naamka mimi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa injini katika mashua za kwenda Basoko. Sasa miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kufika hata mlangoni bila kushikiliwa. Watoto wake walikuwa huko Basoko, na tangu vita viukate mto hakujua kama wanakula au wamezikwa. Alikuwa na kopo la bati. Akitaka maji aligonga nalo ukuta mara mbili, nami nilizunguka kwenda kumjazia ndoo. Kazi hiyo sikuwahi kuitaja kwenye ripoti. Si kwa unyenyekevu. Haikunijia akilini kwamba ni kitu cha kutaja.

Ikaja wiki ya kuwatembelea wagonjwa. Avenyu yetu haikuwa na upungufu wa wagonjwa, lakini wengine walikuwa na magonjwa ya kuambukiza na wengine walikuwa na ndugu wakali. Mgonjwa mzuri, mwenye ugonjwa usioruka na asiyeweza kutukimbia, alikuwa mmoja tu.

Ijumaa asubuhi niliamka mapema kumtengenezea lituma, ndizi za kuchemsha nilizozitwanga mpaka zikalainika. Nilipofika nilimkuta mke wa kiongozi ameshamwosha miguu, na katibu amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na wembe mkononi, akisubiri zamu. Nilimchukia mama yule kabisa. Mimi ndiye jirani, mimi ndiye mwenye ukuta! Hadi Jumapili mzee alikuwa amenyolewa mara mbili, na kichwani mwake nywele zenyewe zilikuwa chache kuliko wageni. Watu watatu walikuwa wamemkanda miguu kwa mafuta. Sahani sita za pondu, mboga ya majani ya muhogo, zilipangwa chini ya kitanda. Mwimbishaji alimwekea mikono kichwani saa nzima, na mtu mwingine, kwa ajili ya afya ya roho yake, alichukua tumbaku yake yote akaitupa chooni.

Jumatatu nilipoingia na sahani yangu ya pili, mzee alipiga ubao wa kitanda.

"Mama, miye niko forêt ya Masako?" Masako ni msitu wa akiba nje ya mji, ambako wanafunzi wa chuo kikuu huenda kuchunguza miti na panya. "Kila mutu anakuya na cahier yake, anaangalia, anaandika, anaenda!"

"Papa, batu banakupenda."

"Banipende moja-moja. Na tabac yangu, bairudishe."

Alhamisi tulisimama wote kumi na wawili, na wote, isipokuwa mume wangu, tulikuwa tumetenda. Kiongozi alilia kwa furaha. Kisha akatupa neno jipya, la mwenye nguo mbili na asiye na nguo, tukatawanyika kuwatafuta walio uchi. Kwa mzee hakuingia tena mtu. Siku chache baadaye, nikimjazia ndoo, aliniuliza yale makundi yamekwenda wapi. Nikamweleza kwamba wiki ya wagonjwa imekwisha.

"Bon," akasema. "Donc, nimepona."

Neno la kufunga mlango tulipewa Alhamisi moja, kabla hatujajua lolote. Ni lile la kutosali njiani ili uonekane, bali kuingia chumbani, kufunga mlango na kusali kwa siri. Kiongozi alilichagua, nadhani, kwa ajili ya mwimbishaji, aliyekuwa na tabia ya kusali sokoni kwa sauti ya mtu anayeuza dawa ya panya. Siku chache baadaye wakombozi wetu wawili walianza kupigana wao kwa wao, katika mitaa yetu, wakigombania mji usio wa yeyote kati yao. Mabomu yalipita juu ya mabati yetu kutoka upande huu kwenda upande ule, na yaliyochoka njiani yalitushukia sisi. Umeme ulikatika, na mabomba yakakauka.

Mume wangu alivuta godoro mpaka kwenye kile kinjia katikati ya nyumba, tukalala chini na watoto. Mwanaume huyo hakuwahi kutenda neno hata moja tangu aingie katika shirika. Katibu alikuwa ameshachoka kumwandika. Siku hiyo alishikilia Injili kwa mikono miwili.

"Neno ya wiki inasema nini? Tuingie, tufunge mulango, tusali. Bon. Tunatenda."

Sijawahi kuona neno la Mungu likitiiwa kwa urahisi namna ile. Avenyu nzima ilitii.

Alasiri ya siku ya kwanza kopo liligonga ukuta mara mbili.

Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama mlango. Ili kufika kwa mzee ilibidi nitoke nje nizunguke nyumba, hatua kumi na nne, nilizijua kwa miguu yangu. Tulikuwa na bidoni moja iliyojaa maji na nyingine nusu. Nikasema nitakwenda wakitulia kidogo. Hawakutulia. Kopo likagonga tena. Nikawaambia watoto tuanze rozari, nikaianza kwa sauti kubwa, na kila kopo lilipogonga nilipandisha sauti. Tuliambiwa kusali kwa siri. Mimi nilisali nikipiga kelele ili nisimsikie jirani yangu anayeomba maji. Nilijua ninalofanya. Naliandika wazi hapa kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba mabomu yalituzuia kusikia.

Siku ya pili aligonga mara nyingi, lakini polepole, wakati mwingine mara moja tu, kisha kimya kirefu. Mtoto wetu mkubwa aliuliza, "Mama, papa wa kule anataka nini?" Nikamwambia asali.

Siku ya tatu hakugonga.

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilibandika sikio ukutani, nikasikia sikio langu mwenyewe. Nikagonga mimi, mara mbili, kwa ngumi. Hakuna jibu. Nikachukua ile bidoni ya nusu.

"Weye uko fou?" mume wangu akasema, akijigonga kichwa kwa kidole.

Nilitoka nimeinama, na katika hatua kumi na nne ninazozijua niliweza kujigonga kwenye jiko langu mwenyewe la kukaangia mikate, goti likapasuka. Risasi zilikuwa zinapita kwa wingi upande wa mto. Nilimkuta mzee sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, ndoo imepinduka, kopo mkononi. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilijua amekufa, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni nitasema nini kwenye ripoti.

Nikamwagia maji mdomoni. Yakatiririka shingoni. Nikamwagia tena, koo likacheza, jicho moja likafunguka. Akanywa, akakohoa, akanywa. Nilikuwa nalia na kumwagia maji nguo zake zote, nikisema pole papa, pole papa, na yeye alinywa tu bila haraka, macho yake yamenikazia. Alipomaliza alivuta pumzi.

"Wiki hii iko neno gani?"

Nilitamani kudanganya. "Ya kufunga mulango, papa."

Akageuza macho mpaka kwenye mlango wake, niliouacha wazi nyuma yangu, na huko nje bunduki zinalia.

"Alors, funga."

Nikafunga, nikakaa naye. Kabla ya jioni mume wangu alikuja akitambaa, bila Injili, tukamlaza mzee kwenye blanketi tukamvuta mpaka kwetu. Alikaa nasi kinjiani mpaka vita vilipokoma, akimsahihisha mume wangu kila alipokosea Salamu Maria.

Kisha tukazika. Kiongozi alimzika dada yake. Mwimbishaji alibaki na kuta bila paa. Hata hivyo Alhamisi tulikutana, kwa sababu hatukujua la kufanya na Alhamisi. Mzee aliomba apelekwe. Hakuwa mwanachama, alibatizwa zamani na misa aliiacha zamani vilevile, lakini alisisitiza. Mume wangu alitafuta toleka, tukampakia mzee nyuma, watu wawili wakamshikilia, akafika barazani na heshima ya waziri, kopo lake mapajani.

Ripoti zikaanza. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema waliingia, walifunga, walisali. Mwimbishaji pia. Mume wangu pia, na katibu aliandika "ametenda" kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa nimetayarisha yangu tangu usiku: mabomu, bidoni, hatua kumi na nne, goti lililofungwa kitambaa ambalo nilikuwa nimelinyoosha mbele ili lionekane. Ripoti yangu ilianzia siku ya tatu. Siku mbili za kwanza sikuziona umuhimu wake.

Nilipotaka kusimama, mzee aliinua mkono.

"Miye pia niko na rapport."

Kiongozi akamruhusu.

"Miye pia nilifunga mulango," akasema. "Siku mbili. Na nilisali sana, kuliko nyinyi bote. Nilisali mutu moja aifungue."

Kalamu ya katibu ilisimama. Mke wa kiongozi, aliyemwosha miguu, alianza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Nikarudisha goti langu chini ya benchi. Zamu ilikuwa yangu, nikasimama, na yale maneno mazuri niliyotayarisha hayakuwapo.

"Nilisikia kopo toka siku ya kwanza," nikasema. "Nilisali kwa nguvu ju nisiisikie."

Hakuna aliyenitazama. Safari hii afadhali wangenitazama. Katibu aliuliza kwa sauti ndogo aandike nini, nimetenda au sijatenda. Kiongozi alifunua Biblia, akaifunga, akaweka mkono juu yake. Nilimgeukia mzee, nikitegemea kwamba atasema neno la kuniokoa, kwamba mwishowe nilikuja, kwamba bila mimi angekufa. Hakulisema. Alichukua kopo lake kutoka mapajani akaligonga kwenye benchi, mara mbili.

Nikaenda kuchota maji.