Baba Ameniapisha Nisiseme Habari za Vidonge Vyake

Barua hii imetufikia kwa posta kutoka Rufiji. Mwandishi ameomba jina lake lifichwe, nasi tumelificha. Tulimjibu siku ileile tulipoipokea. Mpaka tunachapa, hajatuandikia tena.

Wapendwa wasomaji,

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili. Tunaishi Mtunda, mimi, wazazi wangu na wadogo zangu wawili. Naomba msinihukumu kabla hamjafika mwisho.

Baba yangu alikuwa karani wa ushirika wa korosho. Akiwa bado kazini figo zake zote mbili zilikufa, serikali ikampeleka India, akapandikizwa figo moja. Aliyeitoa ni dada yake, shangazi yetu wa Mbuchi. Baadaye wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, ushirika ulipunguza watu, naye akarudi nyumbani kulima. Kila asubuhi na jioni anameza vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine. Mama hajui kusoma, na baba hajui Kiingereza, kwa hiyo kazi ya vidonge ni yangu. Nasoma maandishi ya kwenye chupa, namwekea baba kiganjani, kisha natia alama kwenye daftari ambalo daktari hulikagua.

Mwezi uliopita alikwenda Dar es Salaam kupimwa damu. Majibu yalikuja kwa barua ya Kiingereza, kupitia sanduku la posta la shule yetu. Nilikimbia nayo nyumbani. Nasema ukweli, nilijisikia fahari kuisoma mbele ya baba na kuitafsiri mstari kwa mstari. Ilisema damu yake ina virusi vya homa ya ini, na huenda vilikuwa vimelala mwilini miaka mingi. Ilisema dawa za kulinda figo hupunguza nguvu ya askari wa mwili, na ndipo virusi vikapata nafasi ya kuamka.

Baba akainua mkono. "Basi, mwanangu. Hapo nimeelewa."

"Baba, imebaki nusu."

"Nimesema nimeelewa. Kumbe dawa zenyewe ndizo zinazoniua."

Nikaikunja. Jioni ile nilipomwekea vidonge viwili, alichukua kimoja, kingine akanirudishia.

Kesho yake niliisoma ile nusu iliyobaki, peke yangu, darasani. Iliandikwa hivi: usipunguze wala usiache dawa yoyote kabla hatujakuona, njoo upesi tukubadilishie matibabu. Watu wa nyumbani nao wapimwe, na wembe wako usitumiwe na mwingine. Wembe wa baba ndio anaowanyolea wadogo zangu. Niliuficha, nikasema sijauona.

Nilimweleza baba yote. Akacheka. "Umewahi kumwona mwenye duka akikwambia usinunue? Wewe soma vitabu vyako, mimi nausoma mwili wangu." Nilipoanza kulia, aliniambia nikatie udhu. Akaleta msahafu, akaniwekea mkono juu yake.

"Sema wallahi hutamwambia mama yako, wala shangazi yako, wala daktari."

Nikasema wallahi.

Tangu siku hiyo kila asubuhi na kila jioni natupa kidonge kimoja chooni, kisha natia alama kwenye daftari kwamba amemeza vyote. Mkono unaotia alama hiyo ni wangu.

Sasa weupe wa macho yake umekuwa kama kitambaa kilichoingia bizari. Mkojo wake, mama anasema, ni kama chai ya rangi. Na siku nne hizi miguu imeanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nalikumbuka shimo lile. Hata mara ya kwanza, kabla ya India, lilianza hivyohivyo. Mama anadhani ni uchovu wa shamba.

Jumamosi shangazi alikuja na mchele mpya na kamba wakavu. Alianza utani tangu uani. "Hodi! Nimekuja kuitazama figo yangu!"

"Ipo, inakusalimu," baba akajibu.

"Wifi, mpe wali huyo! Figo yangu imekulia Mbuchi, haijazoea ugali wenu wa muhogo."

Tukacheka wote. Baba alipogeukia mlangoni akicheka, mwanga ukampiga usoni, nikaona kicheko cha shangazi kinakatika. Baadaye alinifuata jikoni, tukawa tunapepeta mchele.

"Mwanangu, kaka yangu anameza dawa zake?"

"Anameza, shangazi. Daftari hili hapa."

Alifunua kurasa, akapitisha kidole juu ya alama zangu. "Alhamdulillahi," akasema. "Maana iliyobaki ni hii yangu moja. Sina nyingine ya kumpa."

Niliendelea kupepeta. Sikuweza kumtazama.

Wasomaji, nimewaza kumsagia kidonge kwenye uji, lakini barua ilisema matibabu yabadilishwe na madaktari, na mimi si daktari. Kukaa kimya naogopa. Kuvunja kiapo nilichokula juu ya msahafu nako naogopa, tena nacho amenilisha baba niliyefundishwa kumtii. Neno moja tu katika ile barua ndilo linalonipa moyo: upesi. Nafikiri wasingeliandika kama muda ungekuwa umekwisha.

Kliniki yake ni baada ya wiki tatu, naye ameshasema haendi. Nyinyi wenye wazazi, na nyinyi mnaoijua dini kuliko mimi, niambieni: kiapo cha namna hii kinanifunga? Na kama hakinifungi, nianze kumwambia nani, mama anayelala naye chumba kimoja, au shangazi niliyemdanganya akiwa ameshika daftari langu mkononi?