Tuliipita Vwawa kwa Sababu ya Picha

Niliondoka nyumbani Ruanda, huku kwetu Mbozi, saa mbili asubuhi kwa sababu ngiri ilikataa kurudi ndani. Nimeishi nayo miaka. Nikibeba gunia inatoka, nalala chali, naisukuma kwa kiganja, inarudi yenyewe kama kuku anayejua banda lake. Siku hiyo nilisukuma tangu kulipopambazuka na ikabaki pale pale kinenani, ngumu kama jiwe, ngozi inabadilika rangi. Mke wangu, Mama Neema, aliigusa mara moja tu, akaenda kuitoa kadi ya bima kwenye Biblia.

"Leo itafanya kazi yake," alisema.

Ilikuwa kadi ya kaya, ya watu wa nyumba moja, tumelipia na haijaisha muda. Sikuwa na wasiwasi nayo hata kidogo.

Saa tatu tulikuwa zahanati. Yule muuguzi sina neno baya juu yake. Alinipapasa, akaacha kutabasamu, akaandika karatasi ya rufaa bila kukaa chini. "Baba, utumbo umebanwa. Ukikosa damu unaoza. Hapa mpaka Mlowo, na wakikupeleka mbele nenda mbele. Usipite kumsalimia mtu."

Nilipanda bodaboda, nimekaa katikati, Mama Neema nyuma amenishika kama mzigo wa mayai. Kila shimo la barabara nililihesabu kwa meno.

Saa nne tulifika Mlowo, kituo cha afya. Dada wa dirishani aliingiza namba ya kadi kwenye mashine yake, akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kioo.

"Mzee, huyu siyo wewe."

Akakigeuza. Pale kwenye jina langu, Elia Nzunda, alikuwa anacheka mdogo wangu Wile, amevaa kofia yangu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Siku ya kuandikishwa, wakala wa bima, Gasto, alikuja na simu yake akatukuta tumeanika kahawa. Wingu lilikuwa limesimama juu ya shamba. Anayelima kahawa Mbozi anajua: kahawa ya maganda ikilowa kichanjani imeshuka daraja, na jasho la mwaka mzima limekwenda. Mimi navuta turubai, Gasto ananiita nije nipigwe picha, ana haraka, bado ana nyumba nyingi. Wile amesimama pale hana kazi.

"Si mnafanana?" akasema Gasto. "Simama wewe."

Nami kutoka kichanjani nikapaza sauti: "Piga huyo huyo, sisi tumbo moja!" Wakacheka wote. Gasto akabonyeza. Kahawa ilipona.

Dada wa Mlowo alisema wao hawapasui, twende hospitali ya Vwawa, hapo mbele tu, ila kwa kadi hii tutasumbuliwa kila dirisha. Mama Neema akampigia simu Wile, ambaye sasa anaishi Tunduma, anahangaika na karatasi za malori ya mpakani. Aliweka sauti kubwa nisikie.

"Shemeji, msihangaike na Vwawa, hamjuani na mtu pale," alisema Wile. "Mleteni Tunduma. Kuna hospitali, dirishani yupo Obadia, mtu wangu kabisa. Mimi nasimama na sura yangu, kadi inasoma, kaka anaingia ndani. Dakika mbili."

"Na akiulizwa?"

"Nani atauliza? Obadia ni mtu wangu, nimekwambia."

Niliona ni akili. Naandika hivyo hivyo: niliona ni akili.

Saa nne na nusu tulipata kirikuu, kipikapu kidogo kilichobeba nyanya za kupeleka Tunduma. Nililala juu ya magunia matupu kati ya matenga. Tulipofika Vwawa dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hospitali ndiyo hii hapa. Nikushushe?"

Mama Neema aliniangalia. Nilikuwa na nguvu ya kusema neno moja, nikasema, "Twende."

Saa sita kasoro, kabla ya Tunduma, tulikuta malori. Mnaopita ile barabara mnajua. Yamejipanga yanasubiri kuvuka, upande mmoja umefungwa, upande wa pili kila mtu anautaka. Tulikaa. Nilianza kutapika maji ya kijani. Dereva akashuka akaenda kumwomba mwenye lori la mbele, Mzambia, kwa neno la heshima la kwao, ajisogeze.

"Tafadhali mukwai, nina mgonjwa."

Yule Mzambia alikuja kuniona kwa macho yake. Akakimbia kwenye lori lake, akalipandisha tairi mbili kwenye tuta, tukapenya. Jina lake silijui. Ningelijua ningeliandika kwa herufi kubwa.

Kisha maumivu yakakoma. Ghafla tu, kama mtu amezima redio. Nilimwambia Mama Neema nimepona, naye akasema "Bwana asifiwe." Dereva alitusikia, akaongeza mwendo.

Saa saba tulifika hospitali ya Tunduma ambayo siitaji. Wile alikuwa mlangoni, shati amechomekea. Dirishani alikaa kweli Obadia, lakini nyuma yake alikuwa amesimama mkubwa wake na faili mkononi. Mbele yetu alikuwepo mtu mmoja wa ofisini mwenye kadi ya waajiriwa, kikohozi tu. Akaambiwa "karibu bosi," akapelekwa kwenye viti vyenye mto. Mimi niliegemea ukuta.

Wile akatoa kadi yangu.

"Mgonjwa nani?" akauliza Obadia, kama hajawahi kumwona.

"Mimi," akasema Wile, akashika tumbo.

"Na huyu anayetapika?"

"Huyu... kaka yangu. Amenisindikiza."

"Ana kadi?"

Mkubwa akainua macho kutoka kwenye faili. Wile akaniangalia, akaangalia kadi yenye jina langu, akasema, "Hana."

Nilisikia. Obadia naye alisikia, na alijua. Akaelekeza kidole bila kuniangalia: "Asiye na bima foleni ile, mwisho." Wile akapewa namba ya kumwona daktari. Mzima wa afya, na namba mkononi.

Saa nane ilinikuta kwenye foleni ile, nimelala chini. Tumbo lilikuwa limevimba, nasikia baridi. Mama Neema alivumilia, akavumilia, kisha akasimama katikati ya ukumbi akaanza kupiga kelele kwa Kinyiha, akitaja jina langu na la baba yangu, kama watu wanavyoitwa msibani. Akatoka daktari mmoja, mama mfupi, kandambili miguuni. Akapiga magoti, akabonyeza.

"Imeanza lini?"

"Alfajiri."

"Mmetoka wapi?"

"Ruanda. Mbozi."

"Vwawa mmepita?"

Wile alikuwa anaangalia namba yake.

"Ingizeni huyu," akasema. "Karatasi zitanikuta huko."

Nilipoamka siku ya pili aliniambia amekata kipande cha utumbo kilichokufa, akanionyesha kwa mkono, kutoka kiganja mpaka kiwiko. "Ungeshuka Vwawa ulipopita, baba, pengine ingekuwa kurudisha ndani na kushona." Alisema kwa upole. Ningependa angenigombeza.

Nilirudi nyumbani baada ya wiki, nimelipishwa kama mtu asiye na bima. Tulipopita Vwawa nilifumba macho. Sibebi tena gunia. Nalipalia shamba langu kwa mikono ya watu wengine.

Baadaye alikuja binti mtafiti, anauliza nyumba kwa nyumba habari za bima na matibabu.

"Ulipougua ulikuwa na bima?"

"Ndiyo."

"Ilitumika?"

"Ilitumika kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa haumwi."

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. Akauliza kama nilihudumiwa tofauti na wengine na kwa nini. Nikaanza kumtajia. Akainua kalamu: "Samahani baba, majina ya watu hatuandiki."

Basi mimi naandika. Gasto, aliyepiga picha ya mtu mwingine akijua. Obadia, aliyejua akanyoosha kidole. Wile, mtoto wa mama yangu, aliyesema "hana." Na Elia Nzunda, aliyesema "piga huyo huyo," kisha akasema "twende."

Msimu huu Gasto alikuja tena na simu yake. Kahawa ilikuwa juani, na wingu, kama limetumwa, likasimama pale pale. Matone yakaanza. Wafanyakazi walikuwa mtoni. Mama Neema akakimbilia turubai, nikamwita.

"Acha. Njoo usimame hapa, na wewe upigwe."

"Baba Neema, kahawa!"

"Nimeiona."

Gasto akafuta kioo cha simu kwa shati. "Mzee, tabasamu basi kidogo."

Sikutabasamu. Picha imetoka vizuri, sura ni yangu. Ukiiangalia kwa makini, nyuma ya bega langu utaona kichanja, na kahawa inalowa.