Mimba Niliyovuka Nayo Ruvuma

Asubuhi ile Selemani, mume wangu, alisimama nje ya duka la jumla Kariakoo akibishana na wafunga mizigo kuhusu kamba. Alitaka marobota ya khanga yafungwe mara mbili kwa sababu njia ya kwetu ilikuwa mbovu. Mimi nilikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, nanyonya ndimu. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kilikuwa kinaniachia, na tumbo lilikuwa bado dogo, linafichika chini ya dera. Watu walipita na mizigo vichwani, kila mmoja akitaka apishwe. Nilikuwa na furaha, ila sikuijua kuwa ni furaha. Niliiona kama uchovu wa safari.

Kwetu ulikuwa mji mdogo wa pwani upande wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mimi ni mzaliwa wa Newala. Selemani alikuwa na duka katika mji ule, nami nilimfuata aliponioa. Nilikuwa mke wa pili. Mkewe wa kwanza, Zuhura, aliishi Dar, mtaa wa Gerezani, karibu na soko la Kariakoo, katika nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, na aliuza nguo za watoto wachanga Mtaa wa Kongo. Watoto wake walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Kila tulipokuja kununua bidhaa tulifikia kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa chumba safi na chakula kizuri, na maneno machache sana. Hakuwahi kunikosea. Hakuwahi kunichekea pia, na sikumlaumu kwa hilo.

Tulirudi kwetu na mzigo. Habari za vijiji vya bara kuchomwa tulizisikia muda mrefu, kama mtu anavyosikia mvua ya mbali. Waliofanya hayo tuliwaita wale watu wa porini tu. Wengine walianza kulala makaburini wakiamini huko hawatafuatwa. Selemani alisema tukimaliza kuuza ule mzigo tutahamia Dar, nijifungulie huko. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Mtoto alikuwa na nguvu, akipiga teke hadi kikombe nilichokiweka juu ya tumbo kinatikisika, na Selemani alipenda kukaa kuangalia hilo.

Siku yenyewe nilikuwa uani naosha mchele. Mlio wa kwanza ulitoka upande wa kituo cha polisi. Nilidhani bati limeanguka.

Selemani aliingia bila viatu. Alinishika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma.

Barabarani watu walikimbia kimya. Hilo linanishangaza hadi leo. Umati mzima, na sauti ni ya miguu tu.

Mwanamke mmoja alianguka mbele yangu. Nilidhani amejikwaa.

Soko liliwaka nyuma yetu.

Tuliingia kwenye mikoko, matope yakifika magotini, na tulilala humo tukiwa tumekaa, mgongo kwa mgongo. Kulipokucha tulitembea na wengine hadi mtoni. Palikuwa na mtumbwi mmoja. Mwenyewe alisema atavusha wanawake na watoto kwanza, kisha atarudi. Hakuna aliyebisha. Selemani alinibeba hadi ndani ya mtumbwi.

"Nenda kwa Zuhura," aliniambia. "Usiende kwingine."

Nikamuuliza, "Na wewe?"

"Nakuja na wanaume wenzangu."

Alisukuma mtumbwi hadi maji yakamfika kifuani. Kisha akageuka.

Tulikuwa katikati ya mto risasi zilipoanza tena. Niliwaona wanaume wakikimbilia kwenye mikoko. Wote walikuwa na rangi moja ya matope. Sikuweza kujua yupi ni wangu.

Mtumbwi haukurudi.

Upande wa Tanzania wanakijiji walitupa uji na nguo kavu. Askari walinihoji kwa upole, wakaridhika kuwa mimi ni Mtanzania, wakanitafutia usafiri hadi Mtwara, na huko nikapanda basi la Dar. Njia nzima nilikuwa na jambo moja moyoni. Tangu mtoni, mtoto hakuwa amecheza. Nililisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza chumba ambacho mwenye nacho hajibu.

Zuhura alinikuta nimekaa kwenye baraza la nyumba yake. Nilikuwa nimevaa gauni la mtu mwingine na ndala zisizolingana. Nilimwamkia. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, na nikajua ameshaelewa kuwa nimekuja peke yangu. Habari za vita zilikuwa zimeshafika mjini. Nilijua swali atakalouliza, na nilikuwa nimeliandalia jibu tangu Mtwara.

"Mtoto anacheza?" aliuliza.

Nilimwambia sijui.

Alinishika mkono, akanilaza kwenye kitanda chake kwa ubavu wa kushoto, akanipa maji ya sukari yaliyotoka kwenye friji. Akaweka kiganja tumboni kwangu na kukaa hivyo, adhana ya alasiri ikapita naye hakuondoa mkono. Kisha nikahisi kitu kimegeuka chini ya mkono wake, polepole, kama samaki kwenye beseni.

"Yupo," alisema.

Hapo ndipo alipokaa sakafuni na kuniuliza Selemani yuko wapi. Nilimweleza yote, hadi mtoni. Alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda uani. Nilimsikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kesho yake alinipeleka kliniki. Kadi yangu ilibaki kwenye nyumba iliyochomwa, kwa hiyo nilianza upya. Walipima damu, mkojo na presha, wakapima urefu wa tumbo kwa utepe, wakanipa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kinga ya malaria. Muuguzi alisema damu ni kidogo ila mtoto anakua. Zuhura ndiye aliyeuliza maswali yote, miguu ikivimba ni kiasi gani cha kuogopa, nile nini, nirudi lini. Nyumbani alinipikia matembele na dagaa, akanisimamia hadi nimalize sahani. Jioni aliweka sahani nyingine, akaifunika kwa kawa. Ilikuwa ya Selemani.

Mwezi wa saba ulipita. Zuhura aliniambia mtoto wa umri huo anasikia sauti za nje, kwa hiyo aliacha redio wazi kwa ajili yake, taarabu na matangazo ya mpira yote pamoja. Nilianza kumjua mwanamke yule. Alikuwa na ucheshi mkavu uliotoka mara moja kwa siku na kuondoka. Alinifundisha kuwajua wateja wake, mama anayenunua nguo kabla hajajifungua na yule anayeogopa kununua mapema. Aliwahudumia wote wawili kwa heshima ile ile.

Kisha kichwa kikaanza kuniuma. Kiliuma mbele, juu ya macho, na vidonge havikukigusa. Uso ulivimba. Baadaye nikaanza kuona vimulimuli vya mwanga, vinawaka na kuzimika pembeni mwa macho. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani najua ni nini. Tangu vitani nilikuwa naona moto hata nikifumba macho. Niliamini ni ule ule.

Alasiri moja mvua ikinyesha kwa siku ya tatu mfululizo, nilidondosha chai barazani na kumwambia jirani mmoja kwamba soko linaungua tena. Wanawake wa jirani walikusanyika. Walikuwa watu wema. Walisema nimekutana na kitu huko porini, mikokoni hakukosi wenyewe, majini wa huko, niandikiwe kombe, aya zioshwe kwa maji, ninywe. Mmoja alishaanza kujifunga mtandio aende kumwita fundi wake wa kombe.

Zuhura alifika kutoka dukani, akaniuliza naona nini. Nilimweleza vile vimulimuli. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole, na shimo likabaki.

"Mdogo wangu walimsomea hivi hivi," aliwaambia. "Walimsomea hadi akafa, na mtoto tumboni."

Yule wa mtandio akaufungua. Alivuka barabara kwenda kwa Mama Hansa, mama wa Kihindu mwenye duka la vyombo, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa wa presha na alikuwa na kipimo chake nyumbani. Mama Hansa alikuja nacho mwenyewe, sari ameikunja mkononi isilowe. Alinifunga ule mkanda, akasoma, akapima tena. Kisha akamwambia Zuhura kwamba mume wake hajawahi kufika hapo, hata siku aliyolazwa.

Hospitali haikuwa mbali. Lakini bonde la Jangwani lilikuwa limefurika, magari yaliyokuwa yanaelekea Magomeni yamerudishwa mjini, na mitaa ya Kariakoo ilikuwa imejaa magari yaliyozimwa injini. Dereva wa bajaji alitikisa kichwa tu. Zuhura alisimama katikati ya barabara na kumzuia bwana mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa magunia ya mchele. Sikusikia alimwambia nini. Nilimwona yule bwana akitazama miguu yangu, kisha akaanza kushusha magunia kwenye baraza la duka la mtu.

Walinilaza juu ya maboksi, wakanifunika turubai la Mama Hansa.

Zuhura alitangulia, maji yakimfika vifundoni. "Mzazi! Tupisheni!"

Nimeishi Kariakoo miaka kadhaa sasa na najua hakuna anayempisha mtu pale. Siku ile walipisha. Wamachinga walibeba meza zao na bidhaa juu yake. Makondakta walisukuma pikipiki za wengine pembeni. Mtu nisiyemjua alishika upande wa pili wa mkokoteni na kusukuma, na alipochoka akashika mwingine. Nilisikia lile neno likitutangulia kutoka mdomo hadi mdomo, mzazi, mzazi, na njia ikafunguka.

Vimulimuli viliongezeka.

Mlangoni mwa hospitali nilijaribu kutamka jina langu nikashindwa.

Wanasema degedege lilinishika mara tu waliponipandisha kitandani. Daktari alikuwa kijana mwanamke. Zuhura ananihadithia kwamba hakupaza sauti hata mara moja. Alisema ni kifafa cha mimba, akaagiza sindano ya kukizuia, presha ilipotulia kidogo wakanipeleka chumba cha upasuaji. Mtoto alitolewa wa kike, hajatimiza mwezi wa nane, mwepesi kuliko mfuko wa sukari wa kilo mbili. Majirani waliposikia walishika vifua, maana kwetu husemwa wa miezi saba huishi ila wa nane hafiki. Daktari aliwaambia kila wiki anayokaa tumboni inamsaidia, na huyu anachohitaji sasa ni joto, maziwa na mtu wa kumbeba.

Joto lake lilipaswa kuwa la mwili wa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Nami nilikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, sijui lolote.

Muuguzi alitoka akauliza nani ndugu wa mtoto. Zuhura akasema ni yeye. Akaulizwa wewe ni nani wake.

"Mama yake mkubwa."

Walimwosha, wakamfungulia vifungo vya gauni, wakamlaza mtoto kifuani kwake akiwa na nepi na kofia tu, wakawafunga pamoja kwa khanga. Mwanamke yule, ambaye nilikuwa nimechukua nusu ya mumewe, alikaa kwenye kiti akimpa joto mtoto wa mumewe na mimi. Duka lake lilikuwa limefungwa. Alilala ameegemea ukuta. Mtoto alipokuwa anasahau kupumua, kama wanavyosahau waliozaliwa kabla ya wakati, alimsugua unyayo kwa kidole hadi akumbuke.

Nilipopata fahamu walinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi chumba chao. Nilimkuta amefumba macho, kidevu juu ya kile kikofia. Nilidhani amesinzia.

"Njoo umchukue," alisema, macho bado ameyafumba. "Mgongo umekufa ganzi."

Tulimwita Rehema. Alianza kwa matone ya maziwa yangu kwa mrija, kisha kwa kikombe, kisha akashika titi mwenyewe, na siku hiyo Zuhura alicheka kwa sauti mbele yangu kwa mara ya kwanza.

Selemani hakuja. Tuliuliza kwa kila aliyetoka kule. Sahani iliendelea kuwekwa na kufunikwa. Kisha, Rehema akiwa ameshaanza kusimama kwa kushika viti, mfanyabiashara mmoja wa kule alikuja Kariakoo kununua khanga, akaelekezwa kwetu. Alikuwa mtoni asubuhi ile. Alisema Selemani aliangukia ukingoni mwa mikoko, karibu naye, mtumbwi wetu ukiwa bado unaonekana. Wenzake hawakuweza kurudi kumzika. Maji yalikuwa yanajaa.

Zuhura alikuwa amembeba Rehema mgongoni. Alimshukuru mgeni, akamwekea chakula, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Basi tulikuwa wajane tangu siku ile uliyofika," aliniambia. "Tulikuwa hatujaambiwa tu."

Tulisoma khitma. Kaburi hatuna.

Rehema sasa anasoma shule ya msingi, mwembamba, mbishi, anavaa miwani. Akiuliza habari za baba yake, mimi namweleza kuhusu duka letu, safari za mizigo, na asubuhi ya mtoni. Yangu yanaishia hapo. Yaliyobaki anakwenda kumuuliza mama yake mkubwa, ambaye alimjua Selemani akiwa kijana asiye na kitu, mwenye shati moja la Ijumaa. Nawasikiliza kutoka jikoni. Mimi vita vilinichukulia mume wa miaka michache. Yeye vilimchukulia mume wa ujana wake wote, na siku alipopata habari hiyo hakukaa chini, kwa sababu mtoto alikuwa amesinzia mgongoni kwake.